Von Lettow-Vorbeck: Kamanda ‘asiyeshindwa’ na gharama waliyolipa Waafrika

MNAMO Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza barani Ulaya, Meja Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake kwa Waingereza katika mji wa Abercorn, ambao siku hizi huitwa Mbala, kaskazini mwa Zambia. Wajerumani waliokuwa wamesalia naye walikuwa 155 tu, pamoja na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na maelfu ya wapagazi, wanawake na watoto. Hakuwa ameshindwa katika pigano la mwisho. Aliweka silaha chini kwa sababu serikali yake mjini Berlin ilikuwa imekubali kusimamisha vita.

Kutokana na hilo, jina lake lilienea kote duniani. Wajerumani walimwita Simba wa Afrika, na hata Waingereza aliopigana nao kwa miaka minne walimsifu kwa ustadi na uungwana. Hata hivyo, kadiri miaka inavyosonga, wanahistoria wamekuwa wakiuliza maswali ambayo wasifu wa awali haukuyauliza: Ni nani aliyebeba mizigo ya jeshi hilo? Chakula chake kilitoka wapi? Na je, ni watu wangapi waliokufa ili kamanda mmoja aitwe asiyeshindwa?

Maswali hayo yanaihusu Kenya moja kwa moja. Vita hivyo vilianzia mpakani mwa Taveta, na maelfu ya vijana kutoka Nyanza, Ukambani, Pwani na eneo la Kati walipelekwa kuvitumikia, wengi wao wasirudi.

Maisha ya awali

Lettow-Vorbeck alizaliwa Machi 20, 1870, mjini Saarlouis, magharibi mwa Ujerumani, katika ukoo wa makabaila wa Pomerania uliokuwa umetoa maafisa wa kijeshi kwa vizazi vingi. Alilelewa katika shule za makadeti, na mwaka wa 1900 akapelekwa China kushiriki katika kuzima uasi wa Mabondia.

Kazi iliyofuata ndiyo doa kubwa la kwanza katika maisha yake. Mwaka wa 1904 alihamishiwa koloni la Ujerumani la Afrika Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, ambako Waherero walikuwa wameinuka dhidi ya utawala wa walowezi. Alihudumu katika ofisi ya kamanda mkuu, Jenerali Lothar von Trotha, ambaye mnamo Oktoba 1904 alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi. Waherero walifukuziwa katika jangwa la Omaheke, wakanyimwa maji, na waliosalia wakatiwa katika kambi za kazi ya shokoa. Inakadiriwa kuwa makumi ya maelfu waliangamia, na Wanama pia wakakumbwa na maafa hayo. Mwaka wa 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki.

Lettow-Vorbeck hakuwa mtunzi wa amri ile. Lakini hakuwahi kuilaani. Katika kumbukumbu za maisha yake alizochapisha mwaka wa 1957, akiwa na umri wa miaka 87, bado alishikilia kwamba uasi wa kiwango kile ulifaa kuzimwa kwa kila njia. Akiwa huko huko Namibia, mwaka wa 1906, alijeruhiwa jichoni katika mapigano, akapelekwa Afrika Kusini kwa matibabu. Jicho lake la kushoto halikupona kabisa.

Januari 1914 aliwasili kuongoza kikosi cha kikoloni cha Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi. Katika meli iliyomleta alifahamiana na Karen Dinesen, binti wa Denmark aliyekuwa njiani kwenda kuolewa Mombasa. Huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama mwandishi Karen Blixen, na vita vilipozuka urafiki huo ulimfanya atiliwe shaka na walowezi wa Kiingereza.

Kamanda dhidi ya gavana

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Lettow-Vorbeck alikuwa luteni kanali mwenye Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Koloni lilikuwa limezungukwa na maadui pande nyingi, na njia ya bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Gavana Heinrich Schnee, ambaye kisheria alikuwa mkubwa wake, alitaka koloni lisihusike. Aliegemea mkataba wa Berlin wa 1885 uliotoa nafasi kwa makoloni ya ukanda huo kubaki nje ya vita vya Ulaya. Schnee pia aliogopa kwamba vita vingewachochea wananchi kuasi tena, kwani ilikuwa imepita miaka saba tu tangu Vita vya Maji Maji vilivyoua watu wengi kusini mwa koloni, wengi wao kwa njaa baada ya wanajeshi kuchoma mashamba na maghala.

Kamanda aliona mambo kwa jicho jingine. Alijua kwamba koloni haliwezi kuokolewa na kwamba hatima yake ingeamuliwa Ulaya. Kwa hivyo, hoja yake ilikuwa moja: kila mwanajeshi wa Uingereza atakayeletwa Afrika ni mwanajeshi atakayekosekana Ufaransa. Hakupigana ili ashinde vita, bali ili visiishe. Alipuuza maagizo ya gavana mara kwa mara, na wawili hao waliendelea kuchukiana hadi mwisho.

Agosti 15, 1914 vikosi vyake viliteka Taveta, ndani ya ardhi ambayo leo ni Kenya, na Wajerumani wakaishikilia hadi Machi 1916. Kutoka huko, makundi madogo ya wapiganaji yalikatiza nyika ya Tsavo kwenda kulipua reli ya Uganda.

Tanga na nyuki

Sifa zake zilianzia Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kuuteka mji huo. Kwa kuwa walianza kwa kumtaka mkuu wa mji ajisalimishe, walimpa Lettow-Vorbeck muda wa kuwaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Usiku wa kuamkia pigano, kamanda huyo aliingia mjini kwa baiskeli kujionea mwenyewe hali ilivyokuwa.

Akiwa na wapiganaji wapatao 1,000 tu, Novemba 4 aliwashambulia kwa ubavu na kuwarudisha baharini. Katika vurumai hiyo makundi ya nyuki yaliyotibuliwa na risasi yaliwashambulia wanajeshi wa pande zote mbili, na ndiyo sababu baadhi ya watu huliita pigano hilo Vita vya Nyuki. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa, kisha wakaondoka wakiacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na risasi 600,000. Kwa silaha hizo Lettow-Vorbeck aliweza kuwaandaa askari wapya.

Januari 1915 alishinda tena huko Jasini, karibu na mpaka wa Vanga, lakini akapoteza maafisa na risasi nyingi mno. Hapo ndipo alipotambua kwamba hawezi kumudu mapigano makubwa ya ana kwa ana mara kwa mara. Tangu siku hiyo mtindo wake ukawa ni kuvizia, kupiga na kutoweka.

Kuishi bila msaada

Wajerumani hawakupata msaada mwingi kutoka kwao. Meli mbili tu za shehena zilifanikiwa kuwafikia, moja mwaka wa 1915 na nyingine 1916. Novemba 1917 chombo kikubwa cha angani, L59, kiliruka kutoka Bulgaria kikiwa na dawa na silaha, lakini kikarejea kikiwa tayari juu ya Sudan.

Kwa hivyo walilazimika kujitegemea. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, walitengeneza dawa ya malaria kutokana na magamba ya mkwinini. Sarafu za dhahabu zilipigwa Tabora. Manowari Königsberg, iliyokuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar mnamo Septemba 1914, ilikwama katika delta ya mto Rufiji na kuharibiwa Julai 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikaundiwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu na mamia ya watu. Mmoja wa mizinga hiyo unaweza kuonekana hadi leo katika ngome ya Fort Jesus, Mombasa.

Mapema mwaka wa 1916 Uingereza ilimleta Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini. Kabla hajafika, Februari 12, wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa wakiwadharau askari weusi walipigwa vibaya katika mlima wa Salaita, karibu na Taveta, wakaokolewa na kikosi cha Wahindi. Smuts alikuja na nguvu kubwa, akavunja ngome za Latema na Reata, akateka reli ya Usambara na kisha Dar es Salaam mnamo Septemba 1916. Wabelgiji kutoka Kongo waliingia Tabora mwezi uo huo. Lakini jeshi lenyewe hawakulikamata. Mbung’o waliua maelfu ya farasi wa Smuts, na malaria na kuhara damu vikawaangusha wanajeshi wake kwa maelfu. Januari 1917 aliondoka kwenda London akitangaza kwamba kazi imebaki kidogo. Vita viliendelea karibu miaka miwili zaidi.

Pigano kali kuliko yote lilikuwa la Mahiwa, eneo la Lindi, Oktoba 1917. Upande wa Uingereza, ambao kufikia wakati huo ulitegemea zaidi wanajeshi wa Nigeria na wale wa King’s African Rifles (KAR), ulipoteza watu wapatao 2,700. Lettow-Vorbeck alipandishwa cheo kuwa meja jenerali, lakini alikuwa amemaliza risasi. Mwezi uliofuata aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi, akavuka mto Ruvuma na kuwapora Wareno silaha na chakula huko Negomano. Kwa miezi kumi alizunguka Msumbiji, akarudi Tanganyika Septemba 1918, kisha akaingia Zambia. Habari za kusimamishwa kwa vita zilimfikia karibu na mto Chambeshi, siku mbili au tatu baada ya vita kwisha Ulaya.

Askari walikuwa akina nani?

Hadithi iliyopendwa sana Ujerumani ni ile ya ‘askari mwaminifu’ aliyemfuata bwana wake mweupe hadi mwisho. Ni kweli kwamba kamanda huyo alizungumza Kiswahili, aliishi maisha magumu kama askari wake, na aliwaamini kuliko walivyoaminiwa na maafisa wengi wa zama zile.

Hata hivyo, utafiti wa miaka ya karibuni, hasa wa mwanahistoria Michelle Moyd, umeonyesha kwamba uaminifu huo ulikuwa na misingi yake. Askari hao, ambao wengi walitoka Sudan au walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, walikuwa watu wenye hadhi, mshahara mzuri na watumishi wao wenyewe. Walisafiri na wake zao na watoto. Walipigana maadamu walitumaini kwamba hadhi hiyo ingedumu. Mambo yalipoharibika mwaka wa 1917, maelfu walitoroka, na baadhi yao wakajiunga na KAR, yaani upande uliokuwa adui yao jana.

Kwa wanavijiji, askari huyo alikuwa kitu kingine kabisa. Jeshi lisilo na ghala wala njia ya kuletewa chakula huishi kwa kuchukua cha wengine. Kila lilikopita lilibeba nafaka na mifugo, likakamata wanaume wa kubeba mizigo, wakati mwingine wakiwa wamefungwa kamba shingoni, na mara nyingine likachoma kilichobaki ili adui asikipate. Daktari Ludwig Deppe, aliyehudumu katika jeshi hilo hilo, aliandika baada ya vita kwa majuto makubwa kuhusu mashamba yaliyoharibiwa na njaa waliyoiacha nyuma yao.

Waingereza na Wabelgiji nao walifanya vivyo hivyo. Katika eneo la Ugogo, ambako majeshi ya pande zote yalipora ng’ombe na nafaka, kulizuka njaa kuu inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, iliyoua makumi ya maelfu ya watu. Mwishoni mwa 1918 homa ya mafua ikaja kuwamaliza waliokuwa wamedhoofika. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria kuwa raia wapatao 300,000 walikufa katika koloni hilo kutokana na vita na matokeo yake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Mzigo wa Kenya

Ili kumfukuza mtu aliyekataa kusimama, Uingereza ilihitaji wabebaji mizigo wasio na idadi. Magari yalikwama matopeni na wanyama waliuawa na mbung’o, hivyo kila risasi na kila gunia la unga lilisafiri kichwani mwa mtu. Kadiri jeshi lilivyoiacha reli mbali, ndivyo wapagazi wengi zaidi walivyohitajika kuwabebea chakula wapagazi wenzao.

Sheria ya mwaka wa 1915 iliwapa maafisa wa serikali nchini mwetu mamlaka ya kuwakamata wanaume kwa nguvu, na mwaka wa 1917 msako mkubwa ulifanywa karibu kila wilaya. Kwa jumla, Uingereza ilitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo. Takwimu za kikoloni zilikiri vifo takriban 95,000, na watafiti wengi huamini kwamba idadi kamili ni kubwa zaidi. Kwa upande wa Kenya pekee, idadi inayotajwa mara nyingi ni 45,000.

Wachache kati yao waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Watu waliozoea ndizi au wimbi walipewa unga wa mahindi ambao hawakuwa na muda wala vyungu vya kuupika ukaiva, matumbo yakaharibika. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwahi kufika kwa jamaa zao.

Kumbukumbu ya watu hao imebaki katika majina ya mitaa: Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, yote yakitokana na jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Katika barabara ya Kenyatta Avenue, Nairobi, zipo sanamu za shaba za wanaume watatu, mmoja wao mpagazi. Mnara huo hauna jina la mtu hata mmoja.

Upande wa Wajerumani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani hakuna hesabu ya maana iliyowekwa ya wapagazi wao waliokufa.

Baada ya vita

Lettow-Vorbeck alipokewa Berlin mnamo Machi 1919 kama shujaa, akiongoza gwaride kupitia lango la Brandenburg. Katika nchi iliyoshindwa na kudhalilishwa, jenerali asiyeshindwa alikuwa faraja. Mwaka wa 1920 alichapisha kumbukumbu za vita pamoja na kitabu cha vijana alichokiita ‘Heia Safari!’, ambavyo viliwafanya Wajerumani wengi waamini kwamba Waafrika waliupenda utawala wao na wangependa urejee.

Machi 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akafutwa jeshini. Kati ya 1928 na 1930 alikuwa mbunge wa chama cha kihafidhina cha DNVP. Alikataa kuwa balozi wa Hitler mjini London, jambo ambalo mara nyingi hutajwa kumtetea. Lakini alibaki mtu aliyetamani makoloni yarejeshwe, na Wanazi waliendelea kulitumia jina lake, hata wakampa cheo cha heshima cha jenerali mwaka wa 1939. Wanawe wawili waliuawa katika Vita vya Pili vya Dunia. Alipokuwa katika ufukara baada ya vita hivyo, Smuts, adui yake wa zamani, alimtumia vyakula.

Mwaka wa 1953 alizuru tena Afrika Mashariki, akalakiwa Dar es Salaam na wazee waliokuwa askari wake. Alifariki Hamburg mnamo Machi 9, 1964, akiwa na umri wa miaka 93. Askari wawili wa zamani walisafirishwa hadi Ujerumani kuhudhuria mazishi yake, na waziri wa ulinzi, Kai-Uwe von Hassel, mwenyewe mzaliwa wa Tanganyika, akatoa hotuba. Mwaka uo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba waliofika Mwanza bila vyeti walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye kwata nao kama bunduki, na hakuna aliyesahau. Wapagazi hawakuwa katika orodha hiyo ya malipo.

Kumwelewa leo

Kwa muda mrefu kambi za kijeshi na barabara kadhaa nchini Ujerumani zilibeba jina lake. Nyingi zimebadilishwa majina, hasa kutokana na mchango wake Namibia. Vyuo vya kijeshi bado huchunguza mbinu zake, na haifai kukana kwamba alikuwa hodari: akiwa na wapiganaji wasiozidi 15,000 hata alipokuwa na nguvu kabisa, aliwasumbua maadui zaidi ya 100,000.

Lakini hata hoja yake kuu ina walakini. Wengi wa waliomkabili, yaani Waafrika, Wahindi na Waafrika Kusini, hawakuwa wanajeshi ambao Uingereza ingewapeleka wote Ufaransa. Hivyo basi, faida ya kijeshi ambayo Ujerumani ilipata haikulingana hata kidogo na maafa aliyoyaacha huku.

Mnamo Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi na kuahidi kuwatafuta. Ni kazi ngumu, kwani orodha nyingi zimepotea na waliokuwa wakiwajua wamekwisha kufa. Kwa familia nyingi za Kenya, kinachosalia ni simulizi la babu aliyekwenda ‘Kariako’ asirudi. Simulizi kama hizo zinafaa kuandikwa sasa, kabla hazijazikwa pamoja na wazee wanaozikumbuka.